Kuisaka Meli ya Babu

Ukiwauliza wazee wa Durban wenye asili ya Kihindi babu zao walifika kwa meli gani, wapo watakaokutajia Umlazi bila kusita, na huenda wanasema kweli. Taabu ni kwamba Umlazi ilikwenda India na kurudi Natal mara nyingi mno, na ni yenyewe iliyofunga kazi ya kuwaleta Wahindi wa mkataba mwaka 1911. Jina la meli peke yake halimfikishi mtu popote. Fundi wa kusaka nasaba hutafuta safari: ilianzia bandari gani, mwezi gani, mwaka gani.

Kwa Natal, ambayo enzi hizo ilikuwa koloni la Waingereza, msakaji ana bahati ambayo wengi hawana. Meli ya Truro ilitia nanga Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikitoka Madras na watu 342. Katika miaka 51 iliyofuata Wahindi zaidi ya 152,000 waliletwa kwa mikataba ya miaka mitano, wengi wao wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa. Kila mmoja alipewa nambari, na hesabu ikapanda meli baada ya meli. Nambari hiyo ilimwandama mtu hata alipoolewa au kuoa, hata alipokufa. Ndiyo maana mtafiti hodari haanzii baharini. Huanzia kwa shangazi, kwenye sanduku la vyeti vilivyokunjwa mara nne, akitafuta tarakimu zilizoandikwa pembeni ambazo hakuna aliyewahi kuzijali.

Akishaipata nambari hiyo, orodha ya meli inafunguka: jina, jina la baba, umri, tabaka, wilaya, kijiji, na alama za mwilini. Kovu kwenye paji la uso. Baka begani. Karani hakuandika hayo kwa mapenzi. Mtu akitoroka shambani, sharti atambulike. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na uchungu wake pia. Mtafiti anachukua daftari la koloni na kulifanyisha kazi ambayo aliyeliandika hakuiwazia, mpaka kovu lililokusudiwa kumnasa mtoro limthibitishie kitukuu kwamba, kati ya akina Munsamy wote waliomo, wake ni huyu.

Lakini daftari lenyewe ni la kuliamini nusu. Majina ya Kitamil na Kitelugu yaliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, kadiri sikio la karani lilivyokamata: Naidu likaishia kuwa Naidoo, Mudaliar likawa Moodley. Tena Watamil wengi hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto alifuatiwa na jina la baba yake, kwa hiyo jina linalobebwa na familia leo huenda halimo kabisa kwenye orodha ya meli. Asiyelijua hilo atampita babu yake bila kumwamkia. Umri nao ni wa kukadiria. Na kwa kuwa aliyemaliza miaka kumi alistahili kurudishwa India bure, wapo waliorudi, wakaona mambo si mambo, wakaja tena. Mtu mmoja, meli mbili au tatu: mtafiti mwenye haraka atawahesabu kuwa watu tofauti.

Wahindi waliojilipia nauli, hasa wafanyabiashara wa Kigujarati, hawakupewa nambari za mkataba. Gandhi alipokwenda Durban mwaka 1893, alipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar kama abiria wa kawaida. Kwa watu wa namna hiyo msako huanza na barua, risiti na kumbukumbu za familia.

Ipo pia meli ambayo msako wake ni kinyume. Tarehe 23 Novemba 1942 Tilawa, iliyotoka Bombay ikielekea Mombasa na bandari za kusini, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Kati ya watu 958 waliokuwamo, 280 walikufa. Manowari Birmingham iliwaopoa wengi wa walionusurika na kuwarudisha Bombay. Meli inajulikana, siku inajulikana. Wanaosakwa ni abiria, nao wanasakwa na wajukuu waliotawanyika kuanzia India na pwani ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini na Uingereza, kila mmoja na picha yake moja na kisa alichosimuliwa utotoni.