Manyoya Yakamatwe Makavu

Ijumaa moja, yapata saa nne na nusu asubuhi, pale tukaapo Chamazi katika wilaya ya Temeke, mzee wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima humwita Babu, alibisha hodi langoni mwetu akiwa na kanzu nyeupe mkononi iliyokuwa bado inachuruzika maji, na baada ya kuipokea shikamoo yangu na kuniuliza habari za watoto aliikunjua taratibu, akanionyesha nyuzi nne tano za manyoya, nyeusi kwenye ncha na za rangi ya mchanga kwenye shina, zilizokuwa zimenata begani. "Mwanangu," akasema, "mbwa wako sina ugomvi naye, maana usiku anatulinda sote, lakini manyoya yake yananifuata hadi msikitini." Sikuwa na la kujibu ila kumwomba radhi. Muda mchache kabla ya hapo nilikuwa uani namchana yule mbwa kando ya ua, upepo wa bahari umekwisha kuanza, na kila nilichokitoa mwilini mwake nilikuwa nakikabidhi kwa upepo ule bila kufikiri unakipeleka wapi. Taksiri ilikuwa yangu, na tangu siku hiyo nikaanza kuyachunguza manyoya ya mbwa kwa bidii iliyonipasa tangu siku nilipomleta nyumbani.

Mbwa mwenyewe ni wa mbegu ile ya German Shepherd ambayo watu wa Dar es Salaam huiita mbwa wa polisi, kwa kuwa wengi wetu tulimwona kwanza mkononi mwa askari wa kikosi cha mbwa na farasi kabla hajaanza kuonekana nyuma ya mageti ya Tegeta, Bunju, Mbagala na kwingineko ambako nyumba mpya zimejengwa na wezi wa usiku wakawafuata wajenzi. Asili yake ni Ujerumani, ambako mwaka 1899 Max von Stephanitz alianzisha chama cha wafugaji wake na kumwandika Horand von Grafrath kuwa mbwa wa kwanza katika daftari, zama zile zile ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Lakini kazi aliyokusudiwa haikuwa kulinda geti la bati chini ya mnazi, bali kuchunga kondoo katika mvua, ukungu na baridi kali, na vazi alilopewa ni la kazi hiyo.

Vazi hilo lina tabaka mbili, na asiyezijua hawezi kuyatawala manyoya hata akinunua kila kifaa kilichopo Kariakoo. Tabaka ya juu ni singa, nyuzi ndefu na ngumu zilizolala kuelekea mkiani, ambazo huzuia maji na jua. Tabaka ya chini ni malaika, nyuzi fupi na laini zilizosongamana kama sufi mtoni, ambazo hushika hewa karibu na ngozi. Katika kitundu kimoja cha ngozi hutoka singa moja pamoja na shungi la malaika kadhaa, hivyo idadi ya malaika huipita mno ile ya singa, na vile vitonge vyepesi vivingirikavyo chini ya viti pangaboi likizunguka aghalabu ni malaika. Mbwa wetu wa kienyeji, na hata yule Basenji wa misitu ya Kongo mwenye sifa ya kutobweka, wana koti fupi na jepesi, ndiyo maana wazee wetu walifuga mbwa wa mawindo miaka na dahari bila ya kuihitaji ilimu hii.

Kila unyoya una muhula wake: hukua, husimama, hupumzika, kisha hung'oka na kumpisha mwingine. Katika nchi za kaskazini mizani ya mihula hiyo ni urefu wa mchana. Berlin, mathalani, ambako mchana wa kipupwe haufiki saa 8 na ule wa kiangazi hupita saa 16, mbwa huyu huvua malaika zake kwa wingi mara mbili kwa mwaka, mwenye nyumba akataabika wiki chache kisha akapumua. Sisi tulio karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, mchana wetu mrefu kabisa hauupiti ule mfupi kabisa hata kwa saa nzima, basi ngozi ya mnyama haipati ishara iliyo dhahiri ya wakati wa kuvua na wakati wa kuvaa, ikawa inavua kidogo kidogo mwaka mzima, mara ikizidi, mara ikipungua. Nilipoteza miezi kadhaa nikingoja msimu upite. Hakuna msimu wa kupita. Na kazi isiyo na msimu haifanywi kwa mkupuo mmoja mkubwa, hufanywa kila siku kwa kipimo kidogo.

Sasa nirudi kwenye kanzu, maana humo ndimo ulimokuwa ufunguo wa jambo lote. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, mbwa mzima ni najisi, mate yake na manyoya yake, na kitu alichokigusa penye unyevu sharti kioshwe mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Wafuasi wa Imamu Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, lakini Babu si wa madhehebu hayo, wala si haki yangu kumchagulia. Wanafikihi wa Shafii, hata hivyo, wana kanuni ya kuwa kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Unyoya mkavu uliotua juu ya shuka kavu huondolewa, na shuka ikabaki kama ilivyokuwa. Unyoya huo huo ukitua juu ya kanzu iliyolowa kambani huleta kazi ya maosho saba, na mtu anunuaye maji kwa dumu, kama wanunuavyo wengi katika mitaa hii ambayo bomba halijaifikia au hutoa maji kwa zamu, huyalipa maosho hayo kwa fedha taslimu. Nilipolitambua hilo niliona haya kwa ile radhi yangu ya maneno matupu, na jioni ile nikampelekea Babu madumu mawili ya maji.

Nilipoendelea kutafakari niliona kwamba mpaka walioweka wanafikihi baina ya kikavu na kilicholowa ndio mpaka wa kazi yenyewe. Unyoya mkavu huokotwa, hukung'utwa, hukusanywa kwa mkono. Ukilowa hunata kwenye kigae, kwenye nguo na kwenye ufagio, na hapo ulipokuwa jambo la dakika moja unakuwa jambo la saa nzima. Hata mwilini mwa mbwa, malaika zilizokufa zikipata maji kabla hazijatolewa husokotana na kuwa madonge, na chini ya madonge hayo ngozi hukaa katika joto na unyevu wa Dar es Salaam mpaka ikatumbuka vidonda. Kwa hiyo nikajiwekea kanuni moja: manyoya yakamatwe makavu, yakiwa bado juu ya mnyama, kabla upepo wala maji havijayafikia.

La kwanza lilikuwa wakati. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, pepo za umande hutoka bara kwenda baharini, nazo ni dhaifu. Kadiri nchi kavu inavyopata joto hewa hugeuka, na kufikia saa nne upepo wa bahari unavuma, uwe wa kaskazi au wa kusi kwa mujibu wa majira. Nyumba ya Babu iko magharibi yetu. Nilipokuwa nikichana saa nne nilikuwa kana kwamba nimeandika anwani yake juu ya kila unyoya. Nichanapo saa kumi na mbili na nusu, hata huo upepo mdogo uliopo hutoka kwake kuja kwetu. Nikahamisha na mahali pia, kutoka kando ya ua hadi kwenye pembe iliyo baina ya ukuta wa jikoni na tangi la maji, nikatandika turubai, na pembeni nikaweka ndoo ya rangi yenye kifuniko. Kila ninachokitoa huingia ndooni papo hapo na kifuniko kikafungwa, kwa maana malaika zilizolundikwa wazi huruka hata kwa pumzi ya mbwa mwenyewe.

Zana ni mbili tu: reki ndogo ya meno ya chuma yenye ncha butu, na brashi yenye sindano nyembamba za waya. Kosa nililolifanya mwanzo, na ambalo naliona kwa wafugaji wengi, ni kuipitisha brashi juu juu kutoka shingoni hadi mkiani, singa zikang'aa na mwenye mbwa akaridhika, ilhali malaika zilizokufa zimebaki chini zikingoja kuanguka sebuleni. Ipasavyo ni kuinua singa kwa mkono wa kushoto mpaka mstari wa ngozi uonekane, kuipitisha reki kuanzia kwenye ngozi kwenda nje kwa mapigo mafupi, kisha kuuachia mstari huo ulale na kuufungua wa pili, ukienda hivyo kama mtu afunguaye kurasa za kitabu. Nyuma ya mapaja na shingoni ndiko malaika ziliko nyingi kupita kote, nako nakawia zaidi. Tumboni na makwapani ngozi ni nyembamba, na reki haipiti kabisa. Kwa siku za kawaida dakika kumi zinatosha, na Jumamosi humchana mwili mzima. Ndoo ikijaa huyafukia yaliyomo shimoni nyuma ya migomba, wala siyachomi moto, kwani harufu ya manyoya yanayoungua ingemfikia Babu mapema kuliko manyoya yenyewe.

Mbwa wetu haingii ndani, mwisho wake ni kibaraza. Hata hivyo ndani manyoya yalikuwemo, yakiletwa na nguo za watoto, nyayo za ndala na hewa ipitayo kwenye wavu wa dirisha. Hapa ipo hikima moja inayofaa kujulikana. Uso wa unyoya umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani, na kwa sababu hiyo unyoya uliokamatwa na kitambaa huweza kwenda upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine: kila mtu akikaa na kuinuka kwenye sofa, unyoya huzama kidogo ukitangulia kwa shina, wala haurudi. Ufagio haufui dafu hapo, na mashine ya kufyonza vumbi, licha ya kuutegemea umeme ambao haupo kila saa, huchukua yaliyo juu na kuyaacha yaliyozama. Kilichofaa ni glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ikipitishwa juu ya kitambaa kwa upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Mpira huyakwaza magamba yale, manyoya yakajiviringa pamoja kama uzi mnene, ukayaokota kwa vidole. Sakafuni tunazima pangaboi kwanza, tunayakusanya makavu kwa ufagio laini tukianzia kwenye pembe, na dekio huja mwisho. Msichana wetu wa kazi alikuwa amezoea kupiga deki kwanza ili vumbi lisitimke, na haikuwa rahisi kumgeuza mpaka alipoliona dekio lenyewe jinsi lilivyokuwa limefuga manyoya.

Rafiki wengi walinishauri nimnyoe yule mbwa ili apate baridi na sisi tupate nafuu. Shauri hilo lina huruma ndani yake, lakini si sahihi. Mbwa hatoi jasho mwilini mwote kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema, na koti lililochanwa vema humkinga na jua kama paa la makuti. Akinyolewa, malaika mara nyingi huwahi kurudi kabla ya singa, na kuna wanaokaa zaidi ya mwaka bila ya koti lao kukamilika. Kupukutika nako hakukomi. Huanguka nyuzi fupi zilizo ngumu zaidi kuokotwa.

Kuhusu kuoga, mara moja katika wiki tano au sita hutosha, baada ya kuchanwa wala si kabla, kwa sabuni ya mbwa, kwani ngozi yake haina uchachu kama yetu na sabuni zetu huikausha. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi ambayo hayaiondoi sabuni vizuri, basi suuza ya mwisho naifanya kwa maji baridi ya kununua, na kwenye tundu la mfereji naweka chujio la wavu, maana manyoya yakifika kwenye shimo la maji machafu hayaozi upesi.

Na yapo manyoya ambayo si kazi ya reki. Unyoya ni protini karibu wote, na mbwa alishwaye ugali mtupu hukosa cha kuufumia. Tulipomwongezea dagaa wasio na chumvi koti lilipata mng'ao baada ya miezi michache. Lakini koti likitoka kwa mabaka, ngozi ikawa nyekundu au yenye magamba, mnyama akajikuna usiku kucha, hiyo ni dalili ya kupe, viroboto, upele au maradhi ya ndani, na mahali pake ni kwa daktari wa mifugo. Wakazi wa Temeke hawana udhuru, sisi ambao kituo chetu cha basi kimeitwa Vetenari kwa sababu ya maabara ya mifugo iliyopo pale.

Masika ndiyo imebaki kuwa mtihani. Kuanzia Machi hadi Mei kuna asubuhi ambazo ua umejaa maji, turubai halitandikiki, na mbwa mwenyewe ameamka amelowa hadi kwenye malaika. Siku hizo simgusi kwa reki. Namkausha kwa taulo kuukuu, nikilikandamiza bila kusugua, namfunga kibarazani penye hewa mpaka adhuhuri, na nikimchana alasiri, kwa kuwa hapo upepo unaelekea magharibi, namtuma mtoto kwanza akamwulize Babu kama ana nguo kambani.