Kijani cha Nebula ya Jabari

Kwenye picha, Nebula ya Jabari ina waridi na zambarau. Kwenye darubini ya nyumbani ni ukungu wa kijivu, na katikati, zilipo nyota nne zinazoitwa Trapeza, kuna kijani hafifu. Wengi huilaumu darubini yao na kutamani kioo kikubwa zaidi ili nebula ing'ae. Haitang'aa.

Hakuna darubini inayoweza kuufanya uso wa nebula ung'ae kuliko unavyoonekana kwa macho matupu. Chukua kioo cha milimita 250. Ukikuza mara 36, mwali unaoingia jichoni una upana wa milimita 7, sawa na mboni ya kijana iliyofunguka kabisa gizani. Ukikuza mara 100, mwali hubaki milimita 2.5, na mng'ao wa uso hushuka hadi karibu thumuni ya ule wa mwanzo. Faida ya kioo kikubwa ni kwamba kwa mng'ao uleule hukupa umbo kubwa zaidi, na jicho hukitambua kitu hafifu kwa urahisi kikiwa kikubwa.

Hapo ndipo rangi na umbo hafifu vinapoanza kuvutana. Rangi huonwa na seli za koni, zilizosongamana katikati ya retina, nazo hudai nuru nyingi. Kwa hiyo anayetaka kijani akuze kidogo na aikazie macho Trapeza moja kwa moja. Mbawa zinazotanda pembeni ni kazi ya seli za fimbo, ambazo hazijui rangi, hazipo katikati kabisa ya retina, na huchukua nusu saa au zaidi kuzoea giza. Mwanga wa simu mara moja tu huirudisha kazi nyuma. Kwa mbawa, ongeza ukuzaji, kisha tazama kando. Ukitumia jicho la kulia, elekeza macho kulia kwa nebula, maana ukiyapeleka kushoto taswira inaweza kuangukia doa pofu. Gusa bomba la darubini taratibu litikisike: ukingo uliokuwa umefichika hujitokeza, kwa kuwa jicho huwahi kunasa kinachosogea.

Kijani chenyewe hutoka kwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, yenye nuru ya nanomita 500.7. William Huggins aliuona mstari huo mwaka 1864 katika nebula ndogo ya kundinyota la Joka. Ukadhaniwa ni wa elementi mpya, hadi Ira Bowen alipoufumbua mwaka 1927. Wekundu wa hidrojeni uko nanomita 656.3, mahali ambapo fimbo ni kama vipofu na koni nazo huhisi kidogo tu, ndiyo maana waridi ya picha hatuipati.

Kichujio cha oksijeni hulitia giza anga la nyuma na kuzitoa mbawa vizuri sana. Kwa kusaka rangi kitoe, kwani hukipaka kila kitu kijani.

Dar es Salaam, katikati ya Februari, nebula hii hupita karibu na utosi saa mbili na robo usiku hivi, penye hewa nyembamba kuliko upeoni. Kama taa za mji zimeimeza, subiri Aprili utafute NGC 3242 katika kundinyota la Hydra. Ni ndogo lakini uso wake unang'aa sana, kiasi kwamba hata ukikuza mara 150 koni bado zina nuru ya kutosha, na samawati yake huonekana.