Ngoja Ikauke

Ukitoka Kawe ukashika Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi wetu bado tunaiita Old Bagamoyo, kisha ukakunja kuelekea Msasani, utafika Morogoro Stores, Oysterbay. Hapo ndipo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza mwaka 1968 kuuza picha alizochora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. (Watoto hucheka wakisikia jina, kwao tingatinga ni trekta.) Alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alikuwa amekwisha kuwakalisha kando yake kina January Linda, Adeusi Mandu na Simon Mpata, wakajifunza kwa kutazama.

Bado uchoraji wa Tingatinga hufundishwa hivyo. Nimemtazama kijana wa Kawe akianza kwa fundi wake. Siku ya kwanza hakuchora chochote. Alipaka rangi ya chini: manjano juu, chungwa chini, halafu brashi kavu ikapita pale zinapokutana, rangi ingali mbichi, mpaka usijue moja imeishia wapi. Rangi ya mafuta haina huruma. Ukichelewa inashika, ukiwa na pupa inachuruzika.

"Fundi, niweke ndege?"

"Ngoja ikauke."

Ikawa kesho yake. Akapewa tembo, akamharibu. Fundi akafuta kimya kimya kwa kitambaa. Akapewa kanga amjaze nukta. Hapo mkono ukatulia. Nukta zilianza kubwa mgongoni, zikawa ndogondogo kadiri zilivyokaribia shingo, na hakuna aliyemwambia. Fundi alizitazama kwa muda mrefu, kisha akamsogezea kanga wa pili.

Kwenye kazi hii mtu hujulikana kwa mkono wake. David Mzuguno alizama kwenye misitu na ndege wake, Mohamed Charinda akashika visa vya vijijini, na wote wawili walikuwa wachoraji wa rangi ileile. Kinachonikera ni meza za kuuzia picha zinazomfunga kijana kwenye twiga na Mlima Kilimanjaro kwa sababu ndizo picha watalii wanazonunua.

Wiki iliyofuata nilimkuta kijana na kipande cha hadibodi kilichobaki, amechora ngalawa ya pwani ya kwao. Fundi, ambaye naye kwao ni Tunduru, mbali na bahari, akainama.

"Hapa upepo unatoka wapi?"

Kijana akaweka brashi chini, amwonyeshe kwa mkono.