Mkono Unaopiga Tarehe

Kwenye karakana za kufungasha asali, siagi ya karanga na maji ya kunywa kuna kazi inayofanywa mwisho kabisa, bidhaa ikiwa imeshafungwa na kubandikwa lebo: kupiga tarehe. Zamani ilifanywa kwa mhuri wa mpira wenye namba za kuzungusha. Kwenye boksi mhuri ule ulifaa. Kwenye plastiki wino uliteleza, namba zikavimba, na tarehe ya mwisho wa matumizi ikawa doa ambalo mteja alilikodolea macho asiambulie kitu. Siku hizi ipo printa ya mkononi, yenye mpini na skrini ndogo, inayoshikwa kama pasi na kupitishwa juu ya kitu mara moja tu. Naipenda kazi hii kwa sababu ufundi wake uko pande mbili: mwingine umo ndani ya mashine, mwingine uko kwenye kifundo cha mkono wa anayeishika.

Nianze na mashine. Nyingi kati ya printa hizi hutumia katriji ya wino ya aina ya HP 45, iliyoundwa kwa ajili ya printa za mezani za miaka ya 1990. Usoni ina bamba jembamba lenye matundu 300, safu mbili, kwa urefu wa milimita 12.7. Kila tundu lina kipande chake cha kupasha joto, kidogo mno. Umeme ukikipitia kwa mikrosekunde chache, joto la uso wake huvuka nyuzi 300 za sentigredi. Wino unaokigusa hugeuka mvuke ghafla, kiputo huvimba na kusukuma tone nje. Kiputo kikinywea, wino mwingine hujaa mahali pake, na kazi huanza upya, maelfu ya mara kwa sekunde. Kampuni ya Canon husimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wao, Ichiro Endo, alipata wazo hili pale chuma cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano yenye wino, wino ukaruka. HP nao walifika hapohapo kwa njia yao, wakatoa printa ya ThinkJet mwaka 1984.

Lakini printa ya mezani huiendesha katriji yenyewe, kwa hiyo kila wakati hujua ilipo. Ya mkononi huendeshwa na binadamu, na binadamu huchoka, hushtuka, huitwa jina akageuka. Ndiyo maana ubavuni ina kigurudumu chenye mpira. Kikizunguka, kila hatua ndogo ya mzunguko hutoa ishara, na ishara ndiyo inayoyaamuru matundu. Mkono ukienda taratibu, matone hutoka mara chache zaidi. Ukisimama, nayo husimama. Herufi hutoka na upana uleule. Waliobuni hili nawapa heko kwa moyo wote. Wangeweza kumtaka mfanyakazi awe na mwendo mmoja kama mashine. Wao wakaifundisha mashine kuufuata mwendo wake.

Kilichobaki ni cha mkono, na si kidogo. Yupo dada mmoja ninayependa kumtazama, katika karakana ya siagi ya karanga Dar es Salaam. Kabla ya lolote hukandamiza uso wa katriji kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, akaunyanyua na kukichunguza. Kitambaa kinapaswa kuonyesha mistari miwili myembamba, iliyonyooka. Mstari ukiwa na pengo, basi kuna matundu yamekauka, naye hufuta tena, upande mmoja tu, mpaka pengo lizibe. Wino wa plastiki huchanganywa na spiriti ili ukauke upesi kwenye kopo, na kwa sababu hiyohiyo hukauka upesi kwenye tundu. Hata akienda kupokea simu, kifuniko cha katriji hurudi mahali pake.

Kisha hulaza kopo kwenye ubao uliochongwa mfereji na kupitisha printa kwa urefu, kuelekea shingoni. Ukizunguka kopo, uso unakukimbia. Kwa urefu umenyooka. Uso wa katriji lazima uelee milimita mbili tatu juu ya plastiki. Ukienda mbali zaidi, matone hutawanyika na kingo za namba huota ukungu.

Siku moja alikuwa akimfundisha mwenzake mtu mzima.

“Usiikandamize, mama. Iache itembee.”

“Mbona namba zimerefuka, mwanangu?”

“Kopo lina unyevu, gurudumu linateleza. Lifute kwanza.”

Alikuwa sahihi kabisa. Gurudumu likiteleza bila kuzunguka, mkono umeshasonga mbele na mashine haina habari, kwa hiyo namba huvutika.

COLOP, watengenezaji wa mihuri wa Austria, wana printa yao ya rangi iitwayo e-mark, inayopokea picha kutoka kwenye simu na kuchapa kwenye karatasi, utepe na mbao. Inapendeza kuona watu wa mihuri wenyewe wakiifanya kazi hii. Ila mimi bado navutiwa zaidi na tarehe nyeusi kwenye kopo la karanga, kwa sababu kuna mtu ataisoma kabla ya kumpakia mtoto wake siagi kwenye mkate.

Mtihani mkubwa ni msimbo wa QR. Jicho la mtu linaisamehe namba iliyovutika kidogo; kamera ya simu ina subira ndogo zaidi, maana vijiraba vya msimbo vinapaswa kubaki miraba. Dada yule hupiga kopo la kwanza la kila fungu, akalipima kwa simu yake. Simu ikikataa, hufuta wino kwa spiriti ungali mbichi, akalisogeza gurudumu kwa kidole kuona kama linazunguka bila kukwama, akapiga tena. Simu ikikubali ndipo huwaambia wenzake walete makopo mengine.