Chuma cha kweli, ziwa la uongo: juu ya mashua ya filamu *African Queen* na wale wanaotaka kuijenga upya

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, mahari, majina ya watoto na mavuno. Safari hii naomba nafasi kwa ajili ya chuma. Chuma nacho kina mila yake: kuna aliyekibeba, aliyekifua, aliyekiwasha moto, na siku hizi kuna anayekikata vipande na kukiuza kwa kilo.

Vijana wanaocheza michezo ya kuigiza hapa Uvira wamepata wazo zuri. Wanataka kujenga mashua inayofanana na ile ya filamu *African Queen*, kwa ukubwa wake wenyewe, waiweke kando ya ziwa na wacheze juu yake mchezo wa vita ya Tanganyika ya 1914-1918. Michango imeanza kukusanywa. Kumbe wauzaji nao wamesikia habari. Kila juma kunafika kipande: leo vali, kesho usukani, kesho kutwa bomba lenye kutu. Na neno la muuzaji ni lile lile: « Mwalimu, hii njo yenyewe, ilitoka kwa Wajerumani. »

Basi nitasema kwanza juu ya filamu, halafu juu ya vipande. Wazo langu ni moja: mbele ya kuuliza kama kipande ni cha zamani, tuulize ni cha zamani ya nani.

1. Filamu yenyewe

*African Queen* ilitoka mwaka 1951. Iliongozwa na John Huston, na wachezaji wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata zawadi ya Oscar juu ya kazi hiyo. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester cha mwaka 1935. Mwenye mashua na dada wa misioni wanateremka mto mpaka ziwani ili wazamishe meli ya vita ya Wajerumani. Forester alichukua mbegu ya hadithi hiyo kwenye vita ya ziwa letu, lakini ziwa la kitabu chake alilibuni.

Filamu haikupigwa Tanganyika. Sehemu moja ilipigwa Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Pale tunapoona wachezaji wameingia majini, yale ni maji ya hodhi za studio huko Uingereza. Meli ya Wajerumani, Luisa, ilichezwa na Buganda, meli ya mvuke ya kuvuta matishali kwenye Ziwa Victoria. Hata mto Ulanga unaotajwa ndani ya filamu, ule wa kweli uko Tanzania, na maji yake yanaingia Rufiji na kwenda Bahari ya Hindi.

Mashua, yenyewe, ilikuwa ya kweli. Ilijengwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, urefu wa mita 9 hivi, ikaitwa Livingstone, na ilifanya kazi Afrika ya Mashariki miaka mingi mbele ya kuingia filamu. Leo iko Key Largo, Florida, Marekani, na watalii wanapanda. Lakini tuangalie vizuri: hata Huston hakutumia mashua moja tu. Kamera ilikosa nafasi ndani yake, kwa hiyo walijenga mfano wake juu ya jukwaa linaloelea, wakapigia humo picha za karibu. Kwa hiyo anayesema anataka kuiga « mashua ya filamu » aseme kwanza ni ipi.

Kama kazi ya sanaa, filamu ina nguvu, na nguvu yake iko kwenye mashine. Tunamwona Bogart akitia kuni, akipima mvuke, akinyoosha chuma cha propela kilichopinda, akijua kila sauti ya boila. Fundi yeyote wa Kalundu atakubali kwamba yule mtu anaishi na mashine yake. Mwisho anatengeneza mabomu kwa mitungi ya gesi, maana yake naye anajenga kitu kipya kwa vipande vya kitu kingine. Hapo filamu inasema ukweli juu ya maisha ya ufundi.

Inaposhindwa ni juu ya watu. Mashine inaziba, Bogart anaipiga teke, halafu anaeleza kwamba mmoja wa vijana wake wa kazi aliangusha bisibisi ndani yake. Yule kijana hana jina. Baada ya mwanzo wa filamu Waafrika karibu wote wanatoweka, wanabaki wazungu wawili na mto. Sisi tunaoishi kwenye maziwa haya tunajua kwamba hakuna mashua ya mvuke iliyokwenda bila mkata kuni, mchota maji na mtu wa mbele anayepima kina kwa mti.

2. Kwa nini kipande cha kweli kinatafutwa

Kutafuta vipande vya kweli kwa ajili ya kuiga kitu cha filamu si mchezo wa Uvira peke yake. Mfano unaojulikana sana ni wa filamu *Star Wars* ya 1977. Upanga wa mwanga wa yule kijana Luke ulitengenezwa kwa mpini wa flashi ya kamera ya zamani, wa kampuni ya Graflex ya Marekani. Walioutengeneza walitafuta kitu rahisi chenye sura nzuri. Leo mashabiki duniani wanawinda mipini ile ile, wanachunguza maandishi ya chini, kifungo na ukanda mmoja mmoja, na kwa sababu bei imepanda, ya bandia nayo imejaa sokoni.

Pale swali ni jepesi: je, hiki ni aina ile ile iliyoonekana kwenye picha? Kwetu swali ni zito, maana vijana wetu wanataka vitu viwili kwa mara moja. Wanataka mashua ifanane na filamu, na wanataka isimulie vita ya ziwa letu. Tutaona kwamba hayo mawili yanagombana.

3. Namna ya kutambua kipande

Haya ni masomo ambayo mwanafunzi wa ufundi anaweza kuyafuata bila chombo cha bei.

*Angalia viungo.* Boila na meli za miaka ya 1910 ziliunganishwa kwa riveti, ile misumari minene inayopigwa ikiwa moto hadi inapata vichwa viwili. Kuchomelea kwa umeme kulienea katika kujenga meli kuanzia miaka ya 1930, na zaidi wakati wa vita ya pili. Ukikuta mstari wa kuchomelea kwenye boila inayosemwa ni ya 1914, usiitupe mara moja: inaweza kuwa ilitengenezwa tena baadaye, na tengenezo ni sehemu ya maisha ya chombo. Lakini pitisha mkono kwa nyuma. Kama vichwa vya riveti viko nje tu na ndani ni laini, vimebandikwa.

*Angalia vise.* Vise yenye alama ya msalaba kichwani ilianza kuenea miaka ya 1930. Mashine ya vita ya kwanza ina vise za mfereji mmoja. Jaribu pia buloni. Waingereza walitumia nyuzi za Whitworth, zilizopimwa kwa inchi. Ekru ya kipimo cha mita haikubali buloni ya Whitworth, hata kama kwa macho zinalingana. Lakini Livingstone ni kazi ya Waingereza, kwa hiyo « kipande cha Mjerumani » hakina kazi juu yake.

*Soma maandishi.* Manometa, ile saa ya kupima mvuke, ya Waingereza inahesabu ratili kwa inchi ya mraba. Ya upande wa Ujerumani na Ubelgiji inahesabu kilo kwa sentimita ya mraba, ama atmosfera. Ikiwa imeandikwa « bar », ujue ni ya baadaye sana. Maneno « West Germany » hayawezi kuwa mbele ya 1949. Neno « Zaïre » linakaa kati ya 1971 na 1997. Herufi CFL ni za kampuni ya reli na meli iliyoundwa mwaka 1902 na ikafanya kazi Kalemie mpaka baada ya uhuru: zinaonyesha njia ambayo kipande kilipita, hazionyeshi mwaka.

*Angalia uchakavu.* Chuma kilichofanya kazi kinachakaa pale pa kazi. Usukani unang'aa mahali mikono inaposhika, vali inalika kwenye kiti chake, mlango wa tanuri unapinda kwa upande wa moto. Kutu iliyopakwa kwa chumvi na ndimu inaenea sawasawa kila fasi, hata pale ambapo mkono ungeifuta kila siku. Chukua na sumaku ya redio iliyokufa: shaba haivutwi. « Shaba » inayovutwa ni chuma kilichopakwa rangi.

*Sikiliza ushuhuda.* Hii ndiyo kubwa kupita zote. Ni nani alikuwa nacho? Kilitoka kwenye chombo gani, bandari gani? Muuzaji anayejibu « kwa Wajerumani » bila kutaja fasi wala mtu, hajajibu.

4. Zamani ya nani?

Sasa tuseme kipande kimeshinda mitihani yote. Bado hatujamaliza.

Vita ya Tanganyika ilipiganwa hivi. Wajerumani walikuwa na meli za mvuke, kati yao Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 waliongeza Graf von Götzen. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, Hedwig ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Mimi na Toutou zilikuwa za mbao, na mashine zake zilitumia esansi. Hazikuwa na boila! Zilifika Cape Town kwa meli, zikapanda treni mpaka Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, kisha mto Lualaba na treni tena mpaka Lukuga, Kalemie ya leo. Watu waliofyeka njia ile na kujenga madaraja walikuwa wengi sana. Majina yao hayakuandikwa.

Kwa hiyo anayetafuta boila ili asimulie ushindi ule anasimulia filamu. Chuma kitakuwa cha kweli na ziwa litakuwa la uongo.

Tazama upande mwingine. Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa ndani ya masanduku kama 5,000 na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mashine zikiwa zimepakwa mafuta mazito. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Miaka ya 1970 mashine zake za mvuke ziliondolewa, akawekewa dizeli. Je, ni meli ya bandia? Wazee waliosafiri nayo watakucheka. Uhalisi wake uko katika kazi iliyoifanya ziwani na abiria iliowabeba.

Chukua pia taa ya Petromax. Kwa mchezo wa 1915 wavuvi wetu hawakuwa nayo. Uvuvi wa ndagala kwa taa za presha ulikua kuanzia miaka ya 1950. Lakini kwa mchezo juu ya baba zetu wavuvi, hakuna kipande kinachoishinda. Mvuvi mzee atakuambia kwa kushika pampu tu kama taa ilivua au ilikaa dukani. Elimu hiyo hatutaipata kwa mashabiki wa Florida. Iko Mulongwe na Kalundu, na inazeeka.

Wakati huo huo mitraye inakula. Injini, nanga, mapipa ya boila, vyote vinakatwa na kupanda malori. Kipande kinachokatwa leo hakitatambuliwa kesho na mtu yeyote.

Hitimisho

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Nawapa vijana wetu mashauri matatu. Kwanza, waamue: kama ni mashua ya filamu, waandike wazi kwamba ni mfano wa filamu, na wajenge kwa mbao na bati la kawaida, hakuna haja ya kumaliza michango kwa vali za « Mjerumani ». Pili, kama ni vita ya ziwa, wajenge Toutou ya mbao, na waweke jukwaani wale waliovuta kamba mlimani. Mafundi wa mbao tunao, na bei itapungua sana. Tatu, michango itakayobaki inunue daftari. Waende bandarini, waandike kila kipande cha zamani wanachokikuta: alama zake, chombo kilikotoka, na jina la mzee anayekijua, kabla kilo hazijapimwa.