"Nyeupe" na "Kuyeyuka": Lugha ya Kubaini Kampaundi Isiyojulikana

Mjadala kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya sayansi umetawaliwa mno na majina. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, haja ya majina imekidhiwa kwa kiasi kikubwa, ingawa wapo wanaoendelea kubishana. Hoja ya makala haya ni kwamba tatizo zito zaidi limo katika maneno ya kila siku, ambayo hakuna aliyedhani kwamba yanahitaji kusanifiwa.

Tumchukue mwanafunzi atokaye Luvungi, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara iendayo Uvira kutoka Bukavu. Sokoni husema Kiswahili, nyumbani pengine Kifuliiru, na kemia hufundishwa kwa Kifaransa. Mwenzake wa sekondari ya Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini kila mmoja, akiwekewa maabarani chupa isiyo na jina na kuambiwa abaini kilichomo, humnong'oneza jirani yake kwa Kiswahili. Uchunguzi wenyewe hufanyika katika mnong'ono huo. Ripoti huja baadaye.

Sasa adondoshe maji ya bromini, ambayo rangi yake ni ya manjano iliyokolea kuelekea kahawia. Rangi inatoweka. Anasema: "Imekuwa nyeupe." Je, kimiminika kimebaki kikavu cha rangi, kinachopenya nuru, au kumezuka mashapo meupe kama chokaa? Katika usemi wetu "nyeupe" hubeba yote mawili. Ndiyo maana chupa ya kioo kisicho na rangi huitwa chupa nyeupe. Kwa mkemia, hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo jibu. Alkeni huondoa rangi na kuacha kimiminika kiangavu. Fenoli huondoa rangi na kuleta mashapo meupe. Sentensi ya mwanafunzi ni sahihi kisarufi, macho yake yameona sawasawa, na bado kampaundi haikubainika.

"Kuyeyuka" kuna hatari hiyo hiyo. Barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka katika chai. Fuwele za fenoli zikitiwa katika maji yenye joto la sentigredi 50, "zimeyeyuka" yaweza kumaanisha kwamba zimegeuka matone kama ya mafuta, kwani fenoli huwa kimiminika kwenye sentigredi 41 hivi, au kwamba zimepotelea majini. Kipimo cha kwanza ni cha joto, cha pili ni cha umumunyifu. Kitenzi "kumumunyika" tunacho, lakini hatujakifikisha katika vinywa vya wanafunzi, kimebaki kamusini.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ndicho dhaifu kila mara. Esta nyingi nyepesi hunukia kama matunda yaliyoiva, na amini kadhaa hunuka kama samaki aliyeanza kuoza, harufu ambayo mtu wa mwambao wa Uvira hahitaji kufundishwa. Kifaransa hutumia kitenzi kimoja kwa hali zote mbili. Mwanafunzi wetu, akiandika ripoti yake, hulazimika kutafuta kivumishi ili aseme lile alilokwisha kulitofautisha kwa irabu moja.