Mikono ya Marcus Semien, fedha za Texas

Mwishoni mwa Novemba 2021, Texas Rangers, klabu ya besiboli iliyokuwa imetoka kupoteza michezo 102 katika msimu mmoja, iliingia sokoni ikachukua walinzi wawili wa ndani kwa jumla ya dola milioni 500. Corey Seager alipewa milioni 325 kwa miaka 10, Marcus Semien milioni 175 kwa miaka 7. Mikataba ilisainiwa haraka haraka, kabla wamiliki wa klabu hawajafunga milango ya ligi Desemba 2 kwa sababu ya mgogoro wao na chama cha wachezaji. Msimu uliofuata Rangers walipoteza michezo 94. Mwaka mwingine baadaye, Novemba 1, 2023, wakatwaa ubingwa wa World Series kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Seager akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Tangu siku hiyo, kila majira ya baridi mashabiki wanapobishana kama klabu imwage fedha kwa wachezaji huru au iwavumilie vijana wake, jina la Texas ndilo hutajwa kwanza. Upande wa fedha unasema ushahidi ni huo, kesi imekwisha. Mimi nasema ushahidi huo umesomwa nusu. Tukifuatilia jinsi kikosi kile kilivyopatikana, tutakuta malezi ndani ya ununuzi wenyewe, na tutakuta pia gharama ambayo haimo kwenye mkataba wowote.

Tuanze uwanjani. Walinzi wa ndani ni wanne: wa besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira uliopigwa barabara huwajia chini chini kwa kilomita 150 kwa saa au zaidi, ukidunda kwenye udongo. Aliyeupiga ana mita 27 na ushei za kukimbia hadi besi ya kwanza, na wengi huzimaliza kwa sekunde 4 na kidogo. Ndani ya muda huo shotistopu anapaswa kuusoma mdundo, kusogea, kuuokota mpira, kuuhamisha kutoka kwenye glavu hadi mkono wa kurushia, na kuutuma upande wa pili wa uwanja. Akisita hatua moja, mkimbiaji ameshafika.

Mwaka 2015 Semien alikuwa shotistopu wa Oakland Athletics na alifanya makosa 35, mengi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu msimu ule. Wengi walitaka ahamishwe nafasi. Ilipofika Mei, Oakland ilimrudisha kundini kocha Ron Washington, mtu aliyewahi kuwafundisha walinzi wake wa ndani kwa miaka mingi. Mlinzi wa besi ya tatu Eric Chavez, aliyeshinda Gold Glove, tuzo ya walinzi bora, mara sita mfululizo kuanzia 2001 hadi 2006, alimkabidhi Washington tuzo yake mojawapo, kwa kuwa aliamini ni ya kocha huyo kama ilivyo yake.

Namna Washington anavyofundisha inastahili kutazamwa kwa karibu. Kazi huanza saa kadhaa kabla ya mchezo, uwanja ukiwa mtupu. Mchezaji hupiga magoti kwenye udongo, glavu yake ikiwa ndogo kupita kiasi, au bapa kabisa isiyo na mfuko wa kuushikilia mpira. Kocha yuko hatua chache mbele yake, anamtumia mpira baada ya mpira, yote ya mdundo mfupi, ile inayodunda mbele ya glavu na kupanda ghafla. Kwa kuwa amepiga magoti, mchezaji hana miguu ya kumwokoa. Kwa kuwa glavu haina mfuko, hawezi kuunyaka mpira kwa nguvu. Lazima aupokee kwa kiganja kilicholegea, macho yakiufuata hadi ndani. Huanza na mpira wa mbele yake, kisha wa kulia, kisha wa kushoto. Baadaye tu ndipo husimama, na hapo somo linahamia miguuni: asiungoje mpira umchagulie mdundo, auendee na kuuchagua mdundo mwenyewe, na kifua kiwe tayari kimeelekea kule atakakorusha. Kesho yake wanarudia yale yale. Hakuna siri ndani yake. Ni wingi wa mipira, na mtu mwenye jicho la kuona kidole kilichokaa vibaya.

Semien alipitia mazoezi hayo, na mwaka 2018 alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho waliowania Gold Glove ya shotistopu katika American League. Mwaka 2019 alifanya makosa 12, akacheza michezo yote 162, akapiga homurani 33 na kumaliza wa tatu katika kura za mchezaji bora wa ligi hiyo. Kisha akamaliza muda wake. Tofauti na soka, ambako mkataba ukiisha mchezaji anaondoka, katika ligi kuu ya besiboli klabu humshika mchezaji hadi atimize miaka 6 ya utumishi. Miaka mitatu ya mwanzo mara nyingi analipwa karibu na mshahara wa chini, halafu huja mapatano au usuluhishi, na ndipo anapokuwa huru. Semien alipokuwa huru mwishoni mwa 2020, Oakland haikumwekea ile ofa rasmi ya mwaka mmoja ambayo klabu huruhusiwa kumpa mchezaji wake anayeondoka. Toronto ikamchukua kwa dola milioni 18, ikamhamishia besi ya pili, naye akapiga homurani 45, rekodi ya mlinzi wa besi hiyo, na kushinda Gold Glove. Baada ya hapo ndipo Texas ilipofungua pochi.

Kwa hiyo zile milioni 175 zililipia kitu gani? Kwa sehemu kubwa zililipia kazi iliyofanyika Oakland kwa mshahara wa kocha msaidizi. Na Washington huyo huyo ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa Rangers tangu 2007 hadi Septemba 2014, akawafikisha World Series mara mbili, 2010 na 2011. Klabu hiyo ilikuwa na mtengenezaji nyumbani kwake, ikaja kununua alichokitengeneza kwingine. Anayesema fedha zimeyashinda malezi anasahau kuuliza malezi hayo yalifanywa na nani.

Hata hivyo siwalaumu Texas kwa kununua. Shotistopu wao wa 2021, Isiah Kiner-Falefa, alikuwa mlinzi hodari lakini upigaji wake ulikuwa dhaifu. Walimtoa Machi 2022 kwa kubadilishana wachezaji, wakampata Mitch Garver, aliyekuja kuwa mpigaji muhimu katika mbio za ubingwa. Nyuma ya Kiner-Falefa hawakuwa na kijana wa kiwango cha Seager, na wachezaji wa namna hiyo hawaingii sokoni kila mwaka wakiwa na umri wa miaka 27. Kanuni za 2023 nazo ziliwafaa. Ligi ilipiga marufuku kuwarundika walinzi watatu upande mmoja wa besi ya pili, na kila mlinzi wa ndani akalazimika kusimama bila kuvuka ukingo wa nje wa udongo. Eneo la kila mmoja likapanuka, na wenye miguu myepesi wakapanda thamani.

Ninachowasifia zaidi ni pale walipouzuia mkono wao. Besi ya tatu hawakuinunua. Walimwachia Josh Jung, waliyemchagua wa 8 katika drafti, mgao wa vijana wapya, ya 2019, ingawa Februari 2022 alifanyiwa upasuaji wa bega na ingekuwa rahisi kuogopa na kurudi sokoni. Mwaka 2023 Jung alianza katika mchezo wa All-Star pamoja na Seager na Semien. Mshahara wa chini wa ligi mwaka ule ulikuwa dola 720,000, wakati wastani wa mkataba wa Semien ni milioni 25 kwa mwaka. Kijana anayelipwa karibu na kiwango hicho cha chini ndiye anayefanya hesabu ya mastaa wawili ikubali. Besi ya kwanza alikuwepo Nathaniel Lowe, aliyetoka Tampa Bay kwa kubadilishana wachezaji, mtu aliyelalamikiwa kwa ulinzi wake 2022 na kushinda Gold Glove 2023. Yeye naye alifunzwa, na kikosi cha mabingwa kilihitaji mafunzo hayo kama kilivyohitaji mkataba wa Seager.

Gharama iliyofichika iko kwa waliokosa mahali pa kusimama. Justin Foscue alichaguliwa wa 14 katika drafti ya 2020 akiwa mlinzi wa besi ya pili. Mwaka mmoja na nusu baadaye nafasi yake ilikuwa na mwenyewe, tena mwenyewe asiyepumzika: misimu ya 2022 na 2023, Semien alikosa mchezo mmoja tu kati ya 324. Foscue aliionja ligi kuu kwa mara ya kwanza Aprili 2024. Ezequiel Duran na Josh Smith, waliotoka Yankees Julai 2021 kwa kubadilishana na Joey Gallo, waligeuzwa viraka, leo shotistopu, kesho uwanja wa nje. Seager alipoumia paja Aprili 2023 na kukaa nje zaidi ya mwezi, Duran alishika nafasi na kupiga vizuri sana. Seager aliporudi, Duran akarudi kuzunguka, na msimu uliofuata upigaji wake ukapoa. Siamini ni sadfa tupu. Mikono ya mlinzi wa ndani inakua kwa mipira ya mchezo wa kweli, yenye mkimbiaji wa kweli, na mipira hiyo haigawanyiki. Kila mpira aliookota Semien katika inningi ya nane ni mpira ambao Foscue hakuuokota.

Ndiyo maana nataka mashabiki wanaobishana waache kuuliza tu klabu imetumia kiasi gani, waulize pia imewapangia vijana wake inningi ngapi. Mwaka 2024 Texas walimaliza na ushindi 78 na vipigo 84. Wiki ya kwanza ya msimu huo Jung alipigwa na mpira wa mrushaji akavunjika kifundo cha mkono, na Josh Smith akapewa besi ya tatu. Alicheza karibu kila siku, na mwisho wa mwaka akashinda Silver Slugger, tuzo ya wapigaji bora, katika kundi la wachezaji wa nafasi nyingi. Alikuwa klabuni tangu 2021, na hakuna mpango wowote wa Rangers uliokuwa umempa nafasi ya kudumu mpaka mkono wa mwenzake ulipovunjika.